Kilomita zilezile, saa si zilezile

Mpwa wangu alinitumia ujumbe usiku, kama afanyavyo kila kitu kinapomkaa kooni. "Shikamoo mjomba. Hii hesabu inakataa."

Alikuwa amefungua moja ya zile kurasa zinazokokotoa umbali wa anga kati ya miji miwili. London hadi New York: kilomita 5,540. Ndege kubwa za abiria zikishatulia angani huenda kwa karibu kilomita 900 kwa saa. Akagawanya, akapata saa 6 na dakika 9. Kisha akafungua ratiba za mashirika ya ndege, akakuta kwenda New York ni kama saa 8, na kurudi London ni kama saa 7.

"Ingekuwa moja imezidi na nyingine imepungua ningeelewa," aliandika. "Zote zimezidi. Hayo masaa yanaliwa na nani?"

Nilimjibu neno moja: upepo.

Akajibu, "Sawa mjomba." Ile sawa ya mtu aliyeamua kutokubishia kwa heshima tu.

Alikuwa na haki. Upepo unaeleza kwa nini kwenda na kurudi havilingani. Hauelezi kwa nini vyote viwili viko juu ya hesabu yake. Kama upepo unakupa huku ulichonyang'anywa kule, ukijumlisha safari zote mbili na kugawanya kwa mbili ungerudi palepale, kwenye saa 6 na dakika 9. Kwa wiki kadhaa swali hilo lilinifuata. Nilikuwa nalikumbuka nikiosha vyombo, nalikumbuka nikiwa kwenye foleni, na kila nilipodhani nimelimaliza lilitoa kichwa upande mwingine.

## Kilomita kwanza

Nilianza kwa kuishuku namba yenyewe. Kilomita 5,540 kutoka wapi hadi wapi?

Ni kutoka uwanja wa Heathrow hadi uwanja wa JFK, kwa kufuata duara kuu, yaani njia fupi kuliko zote juu ya uso wa tufe. Chukua tufe la shuleni, nyoosha uzi kati ya miji hiyo miwili, umeipata. Ukiichora njia hiyo kwenye ramani bapa ya ukutani inapinda kwenda kaskazini, na mtu huapa kwamba rubani anazunguka. Hazunguki. Ramani ndiyo iliyopinda. Mchoro uliozoeleka zaidi, wa Mercator, ni wa mwaka 1569, na ulitengenezwa kwa ajili ya mabaharia waliotaka kushika mwelekeo mmoja wa dira. Ufupi wa njia haukuwa shida yake.

Kuna ubishi mwingine mdogo: dunia si mpira kamili. Nusu kipenyo chake kwenye ikweta ni kilomita 6,378, na kwenye ncha ni 6,357. Fomula nyepesi inayoichukulia kama mpira inaweza kukosea kwa hadi nusu asilimia hivi. Kwenye safari hii hizo ni kilomita zisizofika 30, ambazo ndege huzimaliza ndani ya dakika mbili.

Dakika mbili hazielezi saa mbili.

Kwa hiyo kilomita hazina kosa. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba shida haikuwa kwenye kupima ardhi hata kidogo.

## Hewa nayo inasafiri

Ukiuliza watu kwa nini kwenda mashariki ni haraka kuliko kwenda magharibi, wengi watakujibu kwamba ni mzunguko wa dunia. Jibu linavutia, maana dunia inazunguka kweli, na pale ikweta ardhi inakwenda kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa. Lakini hewa inazunguka pamoja na ardhi. Isingekuwa hivyo, ungepanda helikopta, ukapaa wima, ukatulia na kungoja mji unaoutaka uje wenyewe chini yako.

Hata hivyo nisiwacheke sana, maana ukweli umo ndani ya jibu lao kwa mlango wa nyuma. Jua hupasha joto ukanda wa ikweta kuliko ncha za dunia. Hewa ya juu husukumwa kuelekea kwenye ncha, na mzunguko wa dunia huipindisha njiani mpaka inaishia kukimbia kutoka magharibi kwenda mashariki. Kwenye mwinuko wa kilomita 9 hadi 12 hivi, ambako ndio hasa ndege huruka, upepo huo hujikusanya na kuwa mikondo myembamba yenye kasi kubwa. Majira ya baridi, tofauti ya joto inapokuwa kubwa zaidi, mikondo hiyo hukaza mwendo na inaweza kupita kilomita 300 kwa saa.

Aliyeipima mapema alikuwa Mjapani, Wasaburo Oishi, mtaalamu wa hali ya hewa aliyekuwa akirusha maputo kutoka kituo cha Tateno miaka ya 1920. Akayachapisha matokeo yake mwaka 1926 kwa Kiesperanto, lugha ya kubuniwa, akitumaini dunia nzima itaweza kumsoma. Wachache sana walimsoma. Mwishoni mwa mwaka 1944 marubani wa Marekani waliokuwa wakirusha ndege za mabomu aina ya B-29 juu ya Japani walikutana na upepo huohuo, wakashangaa mabomu yao yanaangukia kwingine.

Sasa njoo kwenye Atlantiki. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Februari 2020, dhoruba iliyoitwa Ciara ikiwa inaelekea Uingereza, ndege ya British Airways aina ya Boeing 747 ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56. Kasi yake ukiipima kwa ardhi ilipita kilomita 1,300 kwa saa. Vichwa vya habari vikaanza kuuliza kama ilivunja mwiko wa sauti, yaani kama iliipita kasi ya sauti.

Haikuuvunja. Kwa upande wa hewa iliyoizunguka, ndege ile ilikuwa inakwenda mwendo wake wa kila siku.

Sentensi hiyo nilikaa nayo muda mrefu. Ndege haijui ardhi. Mabawa yake yanagusa hewa tu, injini zake zinasukuma hewa tu. Ni dau ndani ya mto mpana ambao kingo zake hazionekani: linalopimwa kwa makasia ni maji, na kingo zinapita zenyewe.

## Upepo haulipi deni

Nikachukua kalamu. Tuseme ndege inakwenda kilomita 900 kwa saa hewani, na upepo wa magharibi ni kilomita 150 kwa saa njia nzima. (Hali halisi haiwi nyoofu hivi, lakini hesabu inahitaji pa kushika.)

Kwenda mashariki, ndege inapita juu ya ardhi kwa kilomita 1,050 kwa saa. Zile 5,540 zinaisha kwa saa 5 na dakika 17.

Kurudi magharibi, kilomita 750 kwa saa. Saa 7 na dakika 23.

Jumla ni saa 12 na dakika 40. Bila upepo wowote ingekuwa saa 12 na dakika 19.

Dakika 21 zimepotea, na upepo ni uleule, ukisukuma kwa nguvu ileile pande zote mbili. Sababu ni rahisi ukishaiona, na inauma kidogo: upepo unapokusaidia unakaa nao muda mfupi, kwa kuwa unafika haraka. Unapokupinga unakaa nao muda mrefu. Anayekusaidia kwa saa 5 hawezi kufidia anayekuzuia kwa saa 7.

Kisha nikafanya hesabu ya pili, na hii ndiyo iliyobadilisha namna ninavyoitazama ile kurasa ya umbali. Nikauliza: ndege imepita kwenye hewa kiasi gani? Kwenda mashariki, saa 5 na dakika 17 kwa mwendo wa 900 ni kama kilomita 4,750 za hewa. Kurudi ni kama kilomita 6,650.

Miji ni ileile. Kwa ndege, mmoja uko karibu na mwingine uko mbali, kutegemea unaanzia upi.

Na huu si mchezo wangu wa maneno. Wanaopanga safari za ndege wanaufanya kila siku: wana umbali wa ardhini na wana umbali wa hewani, na mafuta yanahesabiwa kwa huo wa pili, kwa kuwa huo ndio unaofanyiwa kazi na injini. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini kuna njia maalumu zinazopangwa upya mara mbili kila siku na vituo vya kuongoza ndege vya Gander, Kanada, na Shanwick upande wa Uingereza na Ireland. Za kwenda magharibi huukwepa ule mkondo, na za kurudi mashariki huufuata. Ndege ya leo na ya jana, shirika moja, namba moja ya safari, zinaweza kupita mbali sana kutoka kwa mwenzake.

Kwa hiyo hata zile kilomita 5,540 ni nadra mtu kuzisafiri hasa.

## Saa ya ratiba

Bado mpwa wangu alikuwa ananidai. Upepo ulinipa wastani wa saa 6 na dakika 20, na ratiba zinasema wastani wa saa 7 na nusu. Kuna zaidi ya saa nzima haina mwenyewe.

Sehemu kubwa yake haiko angani. Muda unaoandikwa kwenye tiketi unaanza kuhesabiwa ndege inapoondolewa vizuizi vya magurudumu na kusukumwa nyuma kutoka mlangoni, na unaisha inapoegeshwa upande wa pili. Katikati ya hapo kuna kutambaa hadi kwenye njia ya kurukia na kusubiri zamu, jambo ambalo JFK jioni linaweza kula muda wa kutosha kusinzia na kuamka. Kuna kupanda, ambako ndege bado haijafikia mwendo wake. Kuna kushuka, na chini ya futi 10,000 kwa kawaida hairuhusiwi kuzidi kama kilomita 460 kwa saa. Na ukifika London asubuhi, wakati ndege za usiku kutoka ng'ambo zinapowasili kwa pamoja, kuna ule mzunguko wa kusubiri: Heathrow ina maeneo manne ambako ndege huzunguka juu kwa juu zikishuka ngazi moja moja mpaka ziitwe.

Kilichobaki baada ya hayo yote ni akiba.

Mashirika huongeza dakika kwenye ratiba kwa makusudi. Nchini Marekani, kwa takwimu za serikali, safari inahesabiwa imechelewa ikifika dakika 15 au zaidi baada ya muda uliotangazwa. Ukijua utapimwa hivyo, utatangaza muda ambao huwezi kuukosa kirahisi. Ndiyo maana rubani anaweza kuondoka amechelewa nusu saa na bado akatangaza kwa sauti ya bashasha kwamba tumewahi.

Kwa siku kadhaa niliona huo ni ujanja, na niliandika aya kali hapa. Nimeifuta. Nilipojaribu kufikiria ratiba isiyo na akiba, niliona ni ratiba ambayo nusu ya wasafiri wangechelewa kuunganisha ndege zao. Upepo wa Januari si wa Julai, na ratiba hupangwa mara mbili kwa mwaka, kipindi cha majira ya joto na kipindi cha baridi. Lazima mtu achague namba moja itakayosimamia siku nyingi zisizofanana. Kinachonikera ni kwamba namba hiyo inaonyeshwa pembeni ya kilomita kana kwamba zote mbili zimepimwa kwa futi kamba moja. Kilomita zimepimwa. Saa zimekadiriwa, kisha zikawekwa akiba, kisha zikaahidiwa.

## Anga lina wenyewe

Ningeishia hapo kama nisingeitazama Helsinki.

Kutoka Helsinki hadi Tokyo kwa duara kuu ni chini kidogo ya kilomita 8,000, na karibu njia yote iko juu ya Urusi. Mpaka mwanzoni mwa mwaka 2022 Finnair, shirika la ndege la Finland, iliikata kwa kama saa 9 na nusu. Shirika lilijenga biashara yake kubwa juu ya bahati hiyo ya jiografia: Helsinki ni kati ya miji mikuu ya Ulaya iliyo karibu zaidi na Asia ya Mashariki.

Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine. Nchi za Ulaya zikafungia ndege za Urusi anga lao, Urusi nayo ikawafungia lake. Safari ya Helsinki na Tokyo ikawa kama saa 13. Ndege zikaanza kupita ama kusini, kuizunguka Urusi, ama kaskazini juu ya Ncha ya Kaskazini kabisa, na abiria waliopita huko wakawa wanapewa cheti cha kumbukumbu.

Miji haikusogea hata sentimita.

La ajabu ni kwamba haikuwa mara ya kwanza. Aprili 1983, Finnair ilianzisha safari ya moja kwa moja kati ya miji hiyohiyo kwa ndege aina ya DC-10, ikipita juu ya Ncha ya Kaskazini kuikwepa Urusi ya Kisovieti, na ilichukua kama saa 13. Miezi michache baadaye, tarehe 1 Septemba 1983, ndege ya abiria ya Korea Kusini iliyotoka New York kupitia Anchorage ilipotea njia, ikaingia anga la Kisovieti, ikatunguliwa. Watu 269 walikufa. Wakati ule hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini Finnair inazunguka.

Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 unasema katika kifungu chake cha kwanza kabisa kwamba kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga lililo juu ya ardhi yake. Tunaisoma ramani ya ndege kana kwamba juu hakuna mipaka. Ipo, tena ina milango, na mlango unaweza kufungwa kwa mmoja na kuachwa wazi kwa mwingine. Mashirika ya China yameendelea kupita juu ya Urusi. Kwa hiyo ndege mbili za aina moja zinaweza kutoka Ulaya kwenda Beijing siku moja, na moja ikatumia muda mrefu kuliko nyingine kwa sababu ya bendera iliyochorwa mkiani.

Kurasa ya umbali itakupa namba moja kwa zote mbili.

Vizuizi vingine havina siasa. Ndege ya injini mbili hupangiwa njia ambayo, injini moja ikizimika, itaweza kufika kiwanja cha karibu ndani ya muda ilioidhinishiwa. Zamani muda huo ulikuwa dakika 60, na leo zipo zinazoruhusiwa saa kadhaa. Juu ya uwanda wa Tibet nako marubani hukwepa kukaa sana, maana hewa ya ndani ikivuja lazima ushuke haraka hadi futi 10,000 ili watu wapumue, na huko ardhi yenyewe iko juu zaidi ya hapo.

## Haraka ya zamani

Kuna jambo moja sikulitarajia. Nilidhani safari hizi zinazidi kufupika kadiri miaka inavyokwenda. Hapana. Ndege za jeti za miaka ya 1960 zilikuwa na mwendo unaokaribiana sana na wa leo. Wahandisi wamepunguza mafuta, kelele na gharama. Kasi wameiacha ilipo, maana ukikaribia mwendo wa sauti hewa inaanza kukataa na mafuta yanateketea.

Concorde ndiyo iliyothubutu. Kuanzia miaka ya 1970 hadi 2003 ilikuwa ikiikata Atlantiki kwa kama saa 3 na nusu, na mwaka 1996 ikatoka New York hadi London kwa saa 2 na dakika 53. Ilikuwa ikiruka juu kuliko ile mikondo ya upepo, kwa mwendo uliozidi mara mbili ya sauti. Ukiondoka nayo London kwenda New York, saa ya ukutani ulikofika ilikuwa nyuma ya ile uliyoiacha. Ni ndege pekee ya abiria ambayo kwayo kwenda na kurudi vilikaribia kuwa sawa kwenye njia hiyo, na haipo tena.

## Namba ninayoiandika sasa

Mtu akiniuliza safari itachukua muda gani, nachukua kilomita za duara kuu, nagawanya kwa 850, naongeza nusu saa ya kupanda na kushuka na nusu saa ya ardhini. Kisha nauliza maswali mawili: inaelekea wapi, na ni ya nchi gani? Kama ni ya mashariki kwenye latitudo za kati, napunguza. Kama ni ya magharibi, naongeza. Hii inafanya kazi hata kusini mwa ikweta, ambako upepo wa juu nao unatoka magharibi: Johannesburg hadi Sydney ni kilomita kama 11,000, kwenda ni karibu saa 12, kurudi ni zaidi ya 14.

Safari inayonivutia zaidi sasa ni ya Singapore na New York, kati ya ndefu kuliko zote za abiria duniani. Duara kuu ni kilomita kama 15,350 na linapita karibu na Ncha ya Kaskazini. Singapore Airlines mara nyingi hailifuati. Kutoka Singapore ndege hupita Pasifiki, upepo ukiwa mgongoni. Kutoka New York, badala ya kugeuka na kurudi ilikotoka, mara nyingi hupita Atlantiki na Ulaya, upepo ukiwa mgongoni tena. Inakubali kuongeza kilomita nyingi juu ya ardhi ili ipunguze zile za hewani. Abiria aliyekata tiketi ya kwenda na kurudi, kama siku zake zote mbili zimeangukia huko, ameizunguka dunia nzima, na kwenye risiti yake pameandikwa miji miwili tu.